Viatu Vimenuniana

Ujumbe wa sauti wenyewe ulikuwa wa dakika 4 na sekunde 38. Nilimtumia mdogo wangu aliyeko Tanga, saa 12:20 asubuhi, kumpa hesabu za michango ya arobaini ya shangazi yetu: nani katoa, nani anasuasua, nani tumwache kwanza mpaka mshahara utoke. Simu nilikuwa nimeiegemeza kwenye chupa ya chai, mikono inafunga hotipoti ya shule, mdomo unaongea. Nilipomaliza nikabonyeza kutuma, nikabeba mkoba, nikatoka mbio.

Saa 1:30, daladala imekwama Buguruni kama kawaida, jibu likaingia. Michango hakuigusa kabisa. Kaandika hivi: "Dada, viatu kununiana ndio kufanyaje? Maana Babu kalisema hilo mpaka nimemwonea huruma."

Babu ni mwanangu. Ana miaka minne na nusu. Kabeba jina la marehemu baba yangu, na kwa kuwa jina la mzazi halirushwirushwi hovyo, nyumba nzima tunamwita Babu. Mama yangu anamwita "mume wangu". Akipiga simu anamwamkia shikamoo kwa utani, naye anaitikia marahaba bila utani hata chembe.

Nikavaa hedifoni, nikajisikiliza. Simshauri mtu.

Dakika ya kwanza ni mimi mzuri kabisa. Sauti laini, kicheko kidogo, namtetea mjomba mmoja ambaye ahadi zake zote huwa za wiki ijayo. "Tumwelewe tu, mambo yake hayajakaa sawa." Kisha katikati ya maneno hayo hayo, bila hata kuvuta pumzi: "BABU! VIATU!" Halafu ulaini unarudi, "...sasa yeye kasema Ijumaa," kama vile mtu anachezea kitufe cha redio, stesheni mbili zinapokezana.

Na kwa mbali, chini ya sauti yangu, kuna kasauti kengine. Asubuhi ile sikukasikia hata mara moja, naapa. "Mama, vimenuniana."

"Vaa viatu, gari linakuja!"

"Vimenuniana."

"Babu, nitakuja hapo!"

Kisha unasikika mkanda wa kiatu ukibanduliwa, krrr, na mimi hapo hapo: "Nani kakuambia uvue? Rudisha!" Kimya. Kisha krrr nyingine, mkanda unarudishwa. Mara ya tano wala hasemi na mimi tena. Anaviambia viatu vyenyewe, taratibu, kama mtu anayezungumza na wagonjwa: "Mmenuniana nyie."

Hilo neno nilimfundisha mwenyewe. Ilikuwa Jumapili moja, moja ya zile Jumapili ambazo maji yanatoka, umeme upo, na hakuna msiba wala harusi ya kuhudhuria. Tumekaa barazani, namwonyesha viatu vya shule vipya. Ukivivaa sawa, nikamwambia, vinaangaliana, vinapiga stori. Ukivigeuza, ncha zinatazama nje, huyu kule na huyu kule: vimenuniana. Ukiona hivyo, vua, vipatanishe. Alicheka sana. Siku nzima akazunguka kukagua kandambili za wapangaji wote wa nyumba yetu.

Kwa hiyo asubuhi ile mtoto alifanya kila nilichomwagiza. Alitazama miguu yake, akaona kosa, akatoa taarifa, akavua ili arekebishe. Mimi nikamwamrisha arudishe. Akapanda gari la shule viatu vimenuniana, akaenda navyo hivyo mwendo wa saa nzima, maana gari lile linazunguka Tabata yote kabla halijafika linakokwenda.

Sasa, nikwambieni kazi ninayofanya, ili mcheke vizuri. Mimi ni mhudumu wa wateja wa simu. Kutwa nzima nimekaa kwenye kiti, hedifoni kichwani, napokea watu waliokasirika. Mtu anaanza kwa kunitukania kabila langu asilolijua, anamaliza kwa kutishia kunifukuzisha kazi, na mimi namjibu, "Pole sana kwa usumbufu, ndugu mteja." Mafunzo tulipewa wiki mbili. Mteja akipandisha sauti, wewe shusha yako. Usimkatize. Akimaliza, rudia alichosema kwa maneno yako, ajue amesikika. Nusu ya hasira ya mteja, mkufunzi alituambia, ni ya kutosikilizwa. Kila baada ya muda simu zetu hufanyiwa tathmini, na kwenye kipengele cha uvumilivu alama zangu huwa nzuri. Niliwahi kupewa cheti. Kipo sebuleni, juu kidogo ya pale alipokuwa amesimama Babu na viatu vyake.

Miaka yote nilikuwa najieleza kwa watu kwamba sina subira. "Mimi bwana Mungu hakuniumbia subira," nasema, na wanawake wenzangu wanagonga mikono. Ujumbe ule ulininyang'anya maelezo hayo. Subira ninayo, tena ya kutosha kugawia jiji. Naigawa kwa mteja kwa sababu anaweza kunishtaki, kwa bosi kwa sababu anaweza kuniandikia barua, kwa mjomba kwa sababu anaweza kuninunia kwenye kikao cha ukoo, na hata kwa konda, maana ana mdomo na abiria watamshangilia. Babu na mdogo wake ndio watu pekee ninaowajua ambao hawana cha kunifanya.

Mdogo wake tunamwita Kadogo. Miaka miwili na miezi miwili, na muda si mrefu nimemwachisha ziwa kwa shubiri kama nilivyoelekezwa na mama. Alionja, akakunja uso, akanifuta kwa kiganja chake, akanyonya. Usiku wa tatu ndipo tulipoelewana, kama kule kulia mpaka saa 9 za usiku kunaitwa kuelewana. Sisemi usingizi ni kisingizio. Nasema tu kwamba sijawahi kumfokea mtu nikiwa nimelala saa nane mfululizo, ingawa huo nao ni ushahidi hafifu, kwani sijalala saa nane mfululizo tangu 2020.

Mume wangu yuko Dodoma. Ni mtumishi, na serikali ilipohamia huko, ofisi yao ilihama nayo. Sisi tukabaki Dar kwa sababu ya kazi yangu. Kabla treni ya umeme haijaanza kufika Dodoma mwaka 2024, tulikuwa tunamwona mara moja kwa mwezi, basi linakula siku nzima kwenda na siku nzima kurudi. Siku hizi anashuka na treni Ijumaa jioni, na Jumapili anarudi. Ni baba mzuri. Hajawahi kuwainulia sauti. Kadogo akimmwagia uji kwenye suruali anasema "ooh, mama wee, tumeoga," watoto wanajirusha kwa kicheko. Wiki moja aliniambia, kwa upole ule ule, "Mama Babu, unawagombeza sana hawa watoto."

Sikumjibu. Nilikuwa najua nikifungua mdomo nitasema nini. Upole wa mgeni na upole wa mwenyeji si kitu kimoja. Mgeni siku ya kwanza, wahenga walisema, mpe mchele na panza, na siku ya nne mpe jembe. Mume wangu hajafika siku ya nne tangu watoto hawa wazaliwe. Siku anayotakiwa kushika jembe yuko Morogoro anapita dirishani. Simlaumu. Lakini ningependa siku moja aikute Jumanne.

Dada wa kazi naye. Ni binti wa miaka 19 kutoka Singida, mchangamfu, anawapenda watoto kweli. Jioni moja nimerudi, niko bado nje ya mlango navua viatu, nikamsikia ndani: "Babu, nitakuja hapo!" Maneno yangu. Lafudhi yangu. Hata ile "hapo" niliyoivuta ilikuwa imevutwa. Nikaingia, nikamwita jikoni, nikamgombeza kwa kumgombeza mtoto. Nilimwambia mtoto hasemeshwi hivyo, mtoto anaeleweshwa. Niliyasema haya kwa sauti ambayo nadhani mpaka duka la Mangi walisikia. Akainamisha kichwa, "Samahani mama." Wanaosomea mambo ya ubongo wanasema sehemu ile ya mbele, inayotuliza hasira na kumfanya mtu afikiri kabla ya kutenda, haimalizi kukomaa mpaka mtu avuke miaka ishirini na kitu. Kwa hiyo nyumba yangu kutwa inakuwa na bongo tatu mbichi, na iliyoiva inashinda mjini kubembeleza wateja.

Alipozaliwa Kadogo nilipata likizo ya uzazi ya siku 84, kama sheria ya kazi inavyosema, na mume wangu zake 3. Siku 3. Sheria hiyo hiyo inanipa hadi saa 2 kwa siku nikanyonyeshe ndani ya muda wa kazi, na ni haki nzuri sana ukiiangalia kwenye karatasi. Kutoka Posta mpaka Segerea na kurudi, saa 2 zinaishia kituoni ukigombania mlango. Nilikuwa nakamulia chooni, nabeba maziwa kwenye chupa hadi nyumbani, nafika saa 2 usiku, mtoto kalala. Hayo tuyaache.

Nataka nieleze siku ya unga, kwa sababu nikiikwepa makala haya yatakuwa ya uongo.

Umeme umekatika. Nimewasha tochi ya simu, nasonga ugali. Dada nimemtuma dukani. Kadogo kaingia uvunguni mwa meza, kautoa mfuko wa sembe, kaumwaga wote, kakaa katikati yake kama kifaranga kwenye vumbi. Nikamchapa mkono. Kofi moja, la nguvu kuliko nilivyokusudia. Ingawa sijui nilikusudia nguvu kiasi gani. Hakulia papo hapo. Aliuangalia mkono wake. Akaniangalia mimi. Kisha akanyoosha ule mkono uliopigwa, akauleta mpaka mdomoni kwangu, nimpulizie.

Kwetu mtoto akigonga mkono mahali, anauleta kwa mama, mama anapuliza "fuu, basi, kimetoka." Hakuwa ameunganisha kofi na mimi. Kwake yeye maumivu yametoka kusikojulikana, na mimi ndiye mtu wa kupuliza. Nikapuliza. Ugali ukaungua.

Wiki chache baadaye kulikuwa na kikao cha wazazi shuleni kwa Babu, na ofisa ustawi wa jamii alialikwa kuzungumza nasi. Alianza na utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009, ule uliofanywa na UNICEF pamoja na Chuo Kikuu cha Muhimbili na Wamarekani wa CDC, kituo chao cha kudhibiti magonjwa, matokeo yakatoka 2011: karibu robo tatu ya Watanzania waliohojiwa, wa kike kwa wa kiume, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Mama mmoja nyuma akasema, "Kwani hizo ngumi au bakora?" Ukumbi ukacheka. Baba mmoja akaongeza lile la siku zote: "Sisi tulichapwa na tukawa watu." Nilicheka na mimi. Ofisa akasubiri tumalize, halafu akatusomea kwenye Sheria ya Mtoto ya 2009. Inaruhusu mzazi kumrekebisha mtoto kwa kiasi, lakini haikubali adhabu kwa mtoto ambaye kwa udogo wake hawezi kuelewa inakusudia nini. Hapo sikucheka tena. Niliuona mkono wa Kadogo na unga wake.

Usiku ule nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mume wangu hajambo?"

"Hajambo, kalala. Mama, nikuulize kitu. Wewe ulikuwa unatuchapa kwa nini hasa?"

Nikasikia feni yake ya mezani inazunguka, ile yenye bawa moja linalogusa kizuizi. Mama yangu alikuwa mtu wa ufito wa mpera. Alikuwa anautuma ukakatwe na yule yule atakayechapwa, na ukileta mwembamba unarudishwa. Akichapa alikuwa akisema, "Mchelea mwana kulia, hulia yeye," kiboko kimoja kwa kila neno. Mpaka leo methali hiyo mimi naisikia kwenye vigimbi vya miguu. Na mwanamke huyu huyu sasa, nikimfokea Babu naye yuko kwenye simu, ananiambia kwa masikitiko kabisa: "Unamgombeza baba yako mzazi?"

"Mlikuwa watundu," akasema.

"Mama, hatukuwa watundu kiasi kile."

Akanyamaza tena. Nilidhani kakata.

"Bibi yenu mzaa baba," akaanza, "Mungu amrehemu, mimi simsemi vibaya. Lakini nilikaa naye nyumba moja miaka tisa. Asubuhi chai nyepesi. Mchana mchuzi mzito. Nikikaa, mvivu, nikitoka, mzururaji. Na mimi kwetu nilifunzwa mkwe hajibiwi. Sikumjibu hata siku moja, muulize yeyote. Watu walikuwa wakinisifu msikitini, mke wa fulani ana subira. Sasa yale maneno yote mwanangu niyapeleke wapi? Baba yenu karudi shamba kachoka." Feni ikagonga, tk, tk. "Mlikuwepo nyie."

Nilitaka kusema neno la kumfariji, au la kumlaumu, sijui. Hakunipa nafasi. "Embe zimeanza huku," akasema. "Nikupakizie kwenye basi la kesho?"

Embe zilikuja, zimeviringishwa kwenye magazeti, na mbili zimeoza. Tulizila. Lakini "mlikuwepo nyie" nilikwenda nayo kazini, nikaanza kuisikia kila ninapobonyeza kitufe kumaliza simu ya mteja aliyenitukana. Tusi moja saa 3. La pili saa 4 na robo. Jioni kwenye daladala najikuta nahesabu nilizobeba, kama mama ntilie anayehesabu sahani kabla ya kufunga.

Sina njia ya kuwafundisha. Nimejaribu mambo. Nilijaribu kuamka saa 10 alfajiri ili asubuhi iwe ya utulivu, nikawa mkali mapema zaidi. Nilijaribu kuhesabu mpaka kumi. Babu akadhani namfundisha hesabu, akawa anahesabu na mimi kwa nguvu, tukifika saba anataka tuanze upya. Shoga yangu mmoja alinishauri nivute pumzi ndefu kwa pua. Nyumba yetu iko karibu na mfereji, nikaacha.

Kilichonishika kidogo ni kile nilichokuwa nalipwa kukifanya. Jioni moja Babu analia kwa sababu chapati imekatwa pembetatu na yeye alitaka ya mviringo. Nilikuwa nimechoka mpaka kwenye nywele, na mdomo wangu, wenyewe tu, kwa mazoea ya kutwa, ukasema: "Kwa hiyo unasema ulitaka chapati ya duara, sisi tumekukatia pembetatu?" Aliacha kulia ghafla. Akanitazama kwa mshangao, kama mtu aliyepiga simu miaka minne na leo imepokelewa. "Ndiyo," akasema. Chapati nyingine haikuwepo. Akaila ile ile, huku akinikumbusha mara mbili kwamba ni pembetatu.

Siku hizi wanajua. Nikisema "pole sana kwa usumbufu" Babu anacheka. Juzi usiku nimemfunika shuka, nikateleza, nikamuuliza, "Je, kuna lingine naweza kukusaidia?" Akafikiri kwa makini. Maji. Kisha choo. Kisha kwa nini nyoka hana miguu. Kisha maji tena. Mteja wa aina hii ofisini huwa tunampeleka kwa msimamizi.

Msinielewe vibaya, bado nafoka. Jumatano iliyopita nilifoka mpaka Kadogo akaziba masikio ya mwanasesere wake badala ya yake. Dada wa kazi nilimwomba radhi kwa ile siku ya jikoni. Alitazama chini, akasema "yameisha mama," na nikajua hayajaisha, maana naye mimi ndiye mteja wake. Na yule mtoto wa ujumbe wa sauti jioni ile alirudi na viatu sawa. Nilikuwa nimejiandaa kuona malengelenge. Nikamuuliza nani kavibadilisha. "Mwalimu kavipatanisha," akasema, kama jambo la kawaida. Ana watoto 38 darasani yule mwalimu.

Leo asubuhi, saa 12:10, nafunga hotipoti. Simu iko chumbani, siku hizi siishiki mpaka gari lipite. Babu kakaa mlangoni.

"Mama, vimenuniana."

Nikaacha kifuniko, nikaenda, nikachuchumaa. Nikavitazama. Vilikuwa sawa kabisa, kulia kulia, kushoto kushoto, mikanda imefungwa, ncha zinaangaliana.

"Mbona vimepatana hivi?"

"Nilikuwa nakuita tu," akasema, na honi ya gari la shule ikalia nje.